Barua ya kufunga muhula: magari ya Darasa la Tano na ndala zilizokatwa

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA

Habari za nyumbani? Leo tunafunga shule. Ripoti ya mtoto wako imo ndani ya bahasha hii, na tarehe ya kufungua imeandikwa chini yake. Isome ukiwa naye, uitie sahihi, airudishe siku ya kufungua. Wenye deni la mchango wa uji wamwone mwalimu wa darasa.

Ila barua hii nimeiandika hasa kwa ajili ya ndala.

Mwezi uliopita wazazi watatu walinifuata kulalamika kwamba ndala zimekatwa visahani vya magurudumu nyumbani, na mtoto akiulizwa anajibu, "Mwalimu katuambia tutengeneze gari." Mmoja aliongeza kuwa halipi nauli ya daladala kila siku ili mwanawe aje kuchezea magari. Kwa ndala naomba radhi. Tulisema zilizokatika kanda tu, lakini ilitupasa kuwaandikieni kabla. Kuhusu kuchezea magari, acheni nieleze nilichokiona, maana nilikaa nyuma ya darasa vipindi viwili vizima.

Ubao uliegemezwa kwenye vitabu vinne, gari likaachiwa juu bila kusukumwa, kisha wakapima kwa futi kamba mpaka liliposimama. Kila jaribio mara tatu, kwa kuwa mara moja inaweza kudanganya. Kwenye sakafu ya saruji lilienda mbali, kwenye mkeka likachoka mapema, kwenye mchanga halikumaliza hata urefu wa rula. Nguvu hiyo ya sakafu inayolizuia gari sisi walimu tunaiita kani ya msuguano. Wao waliiita "breki ya chini", na sikuona haja ya kuwasahihisha siku ile. Walipopaka mafuta ya kula kwenye ekseli, ule waya unaopita katikati ya magurudumu, gari lilelile likaipita alama yake ya kwanza, na kelele zikafika ofisini.

Ubishi ulianza walipopakia kokoto. Nusu ya darasa walisema gari zito litaenda mbali zaidi, nusu wakasema litakwama. Likasimama karibu palepale liliposimama likiwa tupu. Mwalimu hakuwapa jibu, akawaacha walale nalo. Kesho yake binti mmoja ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono akasema kokoto zinalivuta gari lishuke kwa nguvu zaidi, lakini pia zinaligandamiza, kwa hiyo na breki ya chini inaongezeka. Mfaransa Guillaume Amontons aliliandika jambo hilo mwaka 1699: msuguano huongezeka kwa kadiri ya uzito unaokandamiza. Huyu wetu alilifikia kwa kokoto na mpira wa ndala.

Nisiwafiche: kwenye mtihani mambo hayakuwa mazuri hivyo. Wengi walichora mishale ya kani vizuri, wakakwama kueleza kwa sentensi. Hilo ni letu walimu, tutalishughulikia muhula ujao.

Kuna jambo moja naomba mlizungumze nao wakati wa likizo, kwa sababu watoto watakuwa barabarani zaidi. Gari likienda kasi maradufu, kwa breki zilezile huhitaji umbali wa karibu mara nne ili lisimame. Lami ikilowa, hasa tairi likiwa kipara, umbali huo huongezeka tena, kwa sababu msuguano umepungua. Mtoto anayedhani dereva akimwona tu atasimama hapohapo anajidanganya, na watu wazima wengi pia tunavuka kwa imani hiyohiyo.

Kazi ya likizo kwa Darasa la Tano ni gari moja, sakafu tatu tofauti, na vipimo vyote vikiandikwa kwenye daftari, hata vile visivyowapendeza. Waachieni chupa tupu, vifuniko na vipande vya waya kabla havijaenda jalalani. Msiwatengenezee. Muhula uliopita lililetwa gari moja lenye taa zinazowaka, na mwenyewe hakujua limefungwaje. Ndala zinazovaliwa zisiguswe. Hilo nimewaambia mbele ya mstari asubuhi hii.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu

N.B. Ndala moja ya bluu, ya mguu wa kushoto, ipo ofisini kwangu. Haijakatwa. Mwenyewe aje aichukue.