Zuhura, usiipeleke kwanza hiyo fomu

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na mama mfikishie zangu. Mimi mzima, ni uchovu wa insha tu. Nilikuwa nisubiri mitihani iishe ndipo nikuandikie kwa utulivu, lakini jana Mwanaidi kaniambia jambo limeninyima usingizi: eti unaacha Kitaliano, ubaki na Kifaransa peke yake. Nikamwambia labda hakukusikia vizuri. Akasema fomu umeshaijaza, imebaki saini ya mkuu wa idara. Ndugu yangu, subiri. Nisome hadi mwisho, kisha ukiona bado, ipeleke.

Anasema kilichokuvunja moyo ni ule mtihani wa sarufi, karatasi ilirudi imejaa wino mwekundu, kila mahali ulipotaka kusema "nimekuwa" umeandika "ho stato". Sasa hilo ndilo la kuachia somo? Umeandika hivyo kwa sababu Kifaransa kimeshakukaa. Mfaransa husema j'ai été, yaani kitenzi cha kuwa anakisaidia kwa avoir (kuwa na). Mtaliano hukisaidia kwa essere (kuwa) chenyewe: sono stata. Ulichukua kanuni ya kweli ukaipeleka nyumba ya jirani. Mhadhiri angeziandika sentensi hizo mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, mngetoka wote mmeelewa. Huku kusahihisha bila kueleza kunaniudhi sana, na si kwenu tu.

Halafu wewe una Kiswahili, mbona hukitumii? Tazama parlo, parli, parla. Mtendaji yumo ndani ya kitenzi, sawa na ninasema, unasema, anasema, ndiyo maana Mtaliano hana haja ya kutaja io (mimi) kila mara. Kifaransa hakiwezi. Parle, parles na parlent zinatofautiana kwenye karatasi, sikioni ni sauti moja, kwa hiyo lazima je (mimi), tu (wewe), ils (wao) zitangulie. Na congiuntivo inayokutisha, yaani umbo la kitenzi kwa jambo linalotakwa au kudhaniwa tu, usiianze na yale majedwali. Anza na "nataka asome". Ile -e ya mwisho ndiyo kazi yenyewe: voglio che legga, je veux qu'il lise. Hapo lugha zote tatu zinakubaliana. Sasa sema "nadhani anasoma". Kifaransa kinafuatana na Kiswahili, je pense qu'il lit, lakini Kitaliano sanifu kinabaki kule kule: penso che legga. Nilipoliona hilo nilifunga daftari nikacheka peke yangu kwa furaha. Ningekuwa na Kifaransa tu, nisingejua kwamba hapo pana uamuzi, kwamba lugha moja inaichukulia dhana kama jambo lililopo na nyingine inaiacha ielee.

Hilo ndilo ninalotaka ulisikie, mengine ni ya kuongezea. Hizi lugha mbili zinafundishana. Ukiitoa moja, ile unayobaki nayo inapungua.

Chukua hata masomo ya utamaduni. Muhula ujao mnaanza karne ya 16, si ndiyo? Utaisomaje Ufaransa ya wakati ule bila Italia? Mfalme François I ndiye aliyemwita mchoraji Mtaliano Leonardo da Vinci, na Leonardo akafia kulekule Ufaransa, mjini Amboise, mwaka 1519. Henri, mwana wa mfalme huyo, akamwoa Catherine de' Medici wa Firenze mwaka 1533. François huyohuyo, mwaka 1539, akaamuru hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa. Na ile Académie française, taasisi ya lugha ya Kifaransa tunayoambiwa kila siku, Richelieu, waziri wa mfalme, aliianzisha 1635, wakati Accademia della Crusca, mwenzake wa Kitaliano, ilikuwapo Firenze tangu 1583, na kamusi yake imetoka 1612.

Lakini tazama njia zilivyoachana. Kifaransa kilisukumwa na mfalme na ofisi zake. Italia haikuwa dola moja hadi 1861, na mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba wakati ule waliokijua Kitaliano walikuwa kama 2.5 katika kila 100. Wengine wote walikuwa na lugha za kwao. Kitaliano kiliishi vitabuni kwa karne nyingi, ndipo shule, na baadaye televisheni kuanzia 1954, zikakieneza majumbani. Ndiyo maana Mtaliano wa leo, akisaidiwa na maelezo pembeni, bado anaweza kumsoma mshairi Dante aliyekufa 1321, lakini Mfaransa akitaka maandishi ya zama hizo hutafutiwa tafsiri ya Kifaransa cha sasa. Mambo haya yananipa raha, Zuhura, na najua nawe yanakupa, maana wewe ndiye uliyenivuta kwenye somo hili.

Shangazi yako naye, Mwanaidi kanieleza. Kwamba Kitaliano hakina kazi. Hoja anayo, sikatai: Kifaransa ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa na ya Umoja wa Afrika, Kitaliano siyo. Siwezi kukuahidi ajira. Ila mwambie mashirika ya chakula ya Umoja wa Mataifa, FAO na WFP, makao yao makuu yako Roma, UNESCO, la elimu na utamaduni, liko Paris, na katika Umoja wa Ulaya lugha zote mbili ni rasmi, kwa hiyo wafasiri wanahitajika. Wenye Kifaransa peke yake mtakuwa wengi mnaogombea nafasi ileile. Mwambie kwa adabu lakini, namfahamu shangazi.

Mtihani wa mdomo ndio unaonitia wasiwasi zaidi kwa upande wako, maana kuandika utarekebisha haraka. Mimi niko tayari tuzungumze kwa simu kila jioni, nusu Kitaliano, nusu Kifaransa, bila kuchanganya, na ukichanganya nakukatiza hapohapo. Nawe unisaidie imla za Kifaransa, masikio yako ni mazuri kuliko yangu.

Sasa nijibu haya. Hivyo ni mtihani tu, au kuna jingine hukumwambia Mwanaidi? Saini umeshaipata? Ukiacha sasa, watakuruhusu kurudi mwakani, au nafasi inapotea moja kwa moja? Umeongea na yule mhadhiri wa fasihi, anayekupenda? Na ile karatasi yenye wino mwekundu bado unayo? Ipige picha unitumie, kurasa zote, tuipitie sentensi kwa sentensi. Usajili unafungwa Ijumaa, kwa hiyo nipigie Jumatano usiku, hata kama umekasirika.

Rafiki yako akupendaye,
Salma