Michoro tunayotumiana kundini ina wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotugusa sisi tunaochora na kuonyeshana kazi zetu kwa simu. Kundi letu la WhatsApp lina watu arobaini hivi, wengi wetu tukiwa wa Jinja, Mbale na Tororo hapa Uganda, na wachache wa Kisumu na Mwanza, ndiyo maana tunaandikiana kwa Kiswahili. Mwaka 2018, ilipowekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayeingia kwenye mitandao ya kijamii, wapo wenzetu walioacha bodaboda wakatembea kwa miguu ili wasikose kuona kilichochorwa siku hiyo.

Mwaka jana nilimchora kwa mkaa mama mmoja, jirani yangu, anayeanika mukene, yaani dagaa, huko Masese kando ya ziwa, akiwa ameinama juu ya wavu na gomesi yake, lile vazi refu la akina mama, ameikunja hadi magotini. Nilipoutuma mchoro ule, mwenzetu wa Mwanza, ambaye amelelewa kwa dagaa hao hao, aliniambia kwamba mkono wa mama umekaa kama wa mtu anayepanda mahindi, kwa kuwa anayeanika huwatandaza samaki kwa kiganja, hawadonoi kwa vidole. Nilirudi Masese alfajiri, nikatazama, nikakuta ni kweli, nikaufuta mkono na kuuchora upya. Sijui ni nani mwingine angeliona kosa lile.

Miezi michache baadaye niliukuta mchoro huo kwenye kalenda, ukutani mwa duka moja mjini. Ulikuwa umekatwa upande wa chini kulia: pindo la gomesi halipo, na jina langu limekwenda nalo. Mwenye duka aliinunua tu. Aliyechapisha simjui hadi leo. Nilichoambiwa ni kwamba mmoja wetu alimtumia ndugu yake kwa nia njema, ndugu naye akamtumia rafiki, na kutoka hapo hakuna anayejua. Fedha niliyokosa si kitu nikilinganisha na swali la mama yule, ambaye alikubali kuchorwa kwa sharti kwamba nitawaonyesha rafiki zangu tu. Aliniuliza, "Kumbe, mwanangu, uliniuza?" Tangu siku ile akiniona na daftari hunipa mgongo.

Wengi hudhani kwamba picha ikishatumwa kwenye simu ni ya kila mtu, au kwamba mchoraji hana haki mpaka aiandikishe kazi yake. Sivyo. Hapa Uganda, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 inailinda kazi halisi ya sanaa tangu inapochorwa, hata isipoandikishwa. Inampa mchoraji haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeitengeneza, na kuinakili au kuiuza kunabaki mikononi mwake maisha yake yote, kisha mikononi mwa warithi wake kwa miaka 50. Shida ni kwamba huwezi kumshtaki mtu usiyemjua.

Baadhi ya wenzangu wameamua kutoonyesha tena chochote, nami nawaelewa, lakini siwezi kuwafuata, maana bila kundi lile mkono wa mama ungebaki umekosewa. Ninachoomba ni kwamba anayetaka kuutoa mchoro nje ya kundi amwulize mwenyewe kwanza, autume pamoja na jina lake, na wasimamizi wa makundi wamweleze hivyo kila mgeni anapoingia. Nasi wachoraji tuache kuandika majina yetu pembeni. Mimi sasa naliandika langu ndani ya mchoro, katika ufumo wa kikapu au kwenye fundo la wavu, mahali ambapo haliwezi kukatwa bila picha kuharibika. Tena natuma nakala ndogo isiyofaa kuchapishwa, na nazihifadhi picha za hatua zote tangu mstari wa kwanza, ili siku ya ubishi niwe na cha kuonyesha.

Kama aliyechapisha kalenda ile anasoma barua hii, simdai fedha. Namwomba aende Masese akamwombe radhi mama yule, nami niko tayari kufuatana naye.

Mchoraji,
Masese, Jinja