Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Kamishna wa Kodi ya Kichwa
Essex, Mei 1381

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi kuandika sijui. Kasisi ndiye aliyenishikia kalamu, na akimaliza tutaipigilia barua hii mlangoni mwa kanisa, kila apitaye aione.

Juzi karani wako karudi kijijini, mara ya pili tangu majira ya baridi, kutafuta vichwa vilivyofichwa. Kwangu alimsimamisha binti yangu kwenye mwimo wa mlango, akatazama utosi ulipofika, akaandika: kapita miaka 15. Shilingi 1 nyingine.

Mtoto huyu alizaliwa mwaka wa tauni ya tatu, 1369. Piga hesabu mwenyewe, maana mabingwa wa hesabu ni nyinyi. Karani anataka shahidi. Mkunga alikufa kwa tauni ya 1375, na mama wa ubatizo vilevile. Labda akawafukue.

Sisi miaka tunaihesabu kwa makaburi. Mwaka 1349 nilikuwa mtoto wa kuchunga bata bukini. Baba tulimzika asubuhi. Jioni msimamizi wa bwana akaja kumfungua ng'ombe wetu, kwa kuwa mpangaji akifa, mnyama wake aliye bora ni wa bwana. Mwaka 1361 tauni ikarudi ikichagua watoto, ikamchukua kifungua mimba wangu. Wasomi wa Paris walisema ni nyota zilizokutana angani. Huenda. Ila sijaona nyota ikifungua ng'ombe wa mtu.

Tulipobaki wachache tukadhani jasho letu litapanda bei. Mkatutungia sheria ya 1351: ujira urudi ulivyokuwa kabla ya tauni, na anayekaidi atiwe mkatale. Kuanika majani ya mifugo, peni 1 kwa siku. Sasa shilingi ni peni 12. Kwa sheria yenu wenyewe, basi, kichwa kimoja ni siku 12 juani bila kula. Mwaka 1377 kichwa hichohicho kilikuwa peni 4! Mimi na mke wangu tumekwisha kulipa shilingi 2.

Na ile ahadi ya Bunge pale Northampton, kwamba wenye nguvu watawasaidia wanyonge? Hapa kwetu mwenye nguvu ni fahali wa bwana, naye halipi kodi. Kwa hiyo kila mtu katoa shilingi nzima. Tunaambiwa ni za vita vya Ufaransa. Nashuku nyingine hazifiki hata bandarini.

Sina mengi, Mheshimiwa. Mfute binti yangu kwenye orodha ya kodi. Kodi ikiwa haipunguziki, na sheria ya ujira haiguswi, basi mfute huyu mmoja tu. Ana miaka 12. Urefu kaurithi kwa mama yake. Vijana wa hapa wanasema maneno ambayo kasisi amekataa kuyaandika. Mfute kabla karani hajarudi mara ya tatu.

Wako mtiifu, mpaka leo,
Baba wa binti mrefu