Anayebadilishwa nyonga apewe kwa maandishi kilichokutwa ndani

Mhariri,

Ndugu wa mgonjwa aliyebadilishwa nyonga kwa kawaida huambiwa wakiwa kwenye korido, "Mfupa ulikuwa umeharibika sana, lakini kazi imekwenda vizuri." Wanashukuru, wanarudi Rungwe, Mbarali au Makete, na taarifa inaishia hapo. Sisi tunaowapokea wagonjwa hao kwenye mazoezi tiba huku Mbeya tunasema hiyo haitoshi. Kiasi cha uharibifu uliokutwa ndicho kinachoamua mgonjwa akanyageje na ashike jembe lini. Ndicho pia atakachokihitaji daktari mwingine mgonjwa huyo akianguka miaka kumi baadaye.

Wengi hudhani eksirei ilishasema yote. Eksirei haionyeshi gegedu, lile tabaka laini lenye unene wa milimita 2 hadi 4 hivi linalofunika kichwa cha mfupa wa paja na kikombe kinachokipokea. Inaonyesha mifupa na pengo lililo kati yake, na daktari hukadiria gegedu iliyobaki kwa upana wa pengo hilo. Likipungua chini ya milimita 2, sehemu kubwa ya gegedu imekwisha. Huangaliwa pia miiba ya mfupa pembezoni, weupe uliozidi pale mifupa inaposuguana, na vishimo ndani ya mfupa. Madaraja yanayotumiwa sana ni ya Kellgren na Lawrence, waliyoyachapisha mwaka 1957, kuanzia 0 (hakuna uharibifu) hadi 4 (uharibifu mkubwa kabisa). Lakini wapo wenye daraja la 4 wanaolima, na wapo wa daraja la 2 wasiolala usiku. Picha nayo ni bapa: ukuta wa nyuma wa kikombe hauonekani vizuri, wala ulaini wa mfupa haupimiki kwa macho.

Halafu kuna picha inayopigwa mahali pasipohusika. Baadhi ya neva zinazohudumia nyonga hufika pia kwenye goti, kwa hiyo nyonga iliyochakaa inaweza kuuma gotini tu. Mzee hupigwa picha ya goti, inaonekana nzuri, anaandikiwa diklofenaki, dawa ya maumivu, miezi na miezi huku figo na tumbo vikilipa gharama. Kipimo cha kitandani ni rahisi: mgonjwa alale chali, nyonga na goti vikunjwe nyuzi 90, kisha unyayo usogezwe taratibu kuelekea nje. Kinena kikiuma, au mguu ukigoma kuzunguka kuliko wa upande wa pili, tatizo liko kwenye nyonga. Hapo iombwe picha ya fupanyonga lote, nyonga zote mbili pamoja, miguu ikiwa imezungushwa ndani nyuzi 15 hivi ili shingo ya mfupa ionekane kwa urefu wake. Kama ni ya kupangia upasuaji, iwekwe gololi ya kipimo kinachojulikana, mara nyingi milimita 25, usawa wa mfupa wenyewe. Picha hukuza vitu kwa kadiri ya asilimia 20, na bila gololi hiyo kukadiria saizi ya kiungo bandia ni kubahatisha.

Wenye selimundu, waliotumia prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) muda mrefu, wanywaji wa pombe kupita kiasi na waliovunjika shingo ya mfupa wa paja wana hatari nyingine: kichwa cha mfupa kufa kwa kukosa damu. Mwanzoni eksirei inaweza kuwa safi kabisa wakati MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, tayari inaonyesha eneo lililokufa. Baadaye kichwa huporomoka, na mgonjwa huenda hajafika hata miaka 35. Kwa mwenye selimundu, tundu la ndani la mfupa wa paja linaweza kuwa limezibwa na mfupa mgumu, hivyo kulichimba ili mhimili wa chuma, yaani shina la nyonga bandia, uingie kunaweza kuutoboa au kuupasua mfupa. Daktari anayejua hilo mapema hujiandaa kwa vifaa na kwa damu.

Ukweli wote huonekana mfuko wa kiungo ukishafunguliwa, shingo ikakatwa na kichwa kikatolewa. Pasipo na gegedu mfupa hung'aa kama pembe ya ndovu. Kikombe kikikutwa na shimo, daktari hulijaza kwa mfupa uliosagwa kutoka kwenye kichwa hichohicho kilichotolewa, na huenda akaongeza skrubu. Mfupa ukiwa laini, huenda akachagua saruji ya mifupa, inayoshikiza kiungo bandia kwenye mfupa. Mfupa wa paja ukipata ufa wakati mhimili unagongwa, hufungwa kwa waya, na hapo mgonjwa anaweza kuzuiwa kukanyaga kwa uzito wote kwa wiki kadhaa. Asipoambiwa, atajilinganisha na jirani aliyetupa magongo mapema, naye atatupa.

Kichwa kilichotolewa kisitupwe ovyo panapokuwa na shaka ya kifua kikuu cha mifupa au saratani. Vipande viwe viwili: kimoja kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, kwa uchunguzi wa tishu, kingine kwenye chupa safi isiyo na formalini. Formalini huua vimelea, na maabara haiwezi kuotesha kilichokufa.

Karatasi ya ruhusa ya kutoka hospitali basi iseme chanzo cha uharibifu, hali ya kichwa na ya kikombe, kama kuna mfupa uliopandikizwa au ufa, kama saruji imetumika, na njia aliyopitia daktari. Hili la njia tunalisisitiza. Aliyepasuliwa kwa nyuma kwa kawaida huambiwa asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu wala kuuzungusha mguu kwa ndani, kwa wiki 6 hadi 12. Kigoda cha jikoni na choo cha kuchuchumaa havimfai, na kiti cha choo kitengenezwe kabla hajarudi nyumbani. Aliyepasuliwa kwa ubavuni, msuli wa pembeni ulikatwa ukashonwa, hivyo zoezi la kuinua mguu kwa upande, tunalowapa wengine mapema, kwake lingeweza kuchana mshono. Bila karatasi, tunakisia.

Kuna jambo lisilogharimu chochote. Kila sehemu ya nyonga bandia huja na stika zenye aina, saizi na namba ya toleo, nazo hubandikwa kwenye faili. Mgonjwa aombe nakala, au ndugu azipige picha kwa simu pamoja na eksirei ya baada ya upasuaji. Kwa takwimu za Australia na Finland zilizochapishwa mwaka 2019, nyonga bandia 58 hivi kati ya 100 hudumu miaka 25. Kijana wa selimundu ana uwezekano mkubwa wa kuhitaji nyingine, na daktari wa wakati huo atataka kujua kichwa bandia ni cha milimita 28, 32 au 36, na kinalingana na mhimili gani. Faili la miaka 20 iliyopita tusilitegemee sana.

Wanaorudi kwa basi kutoka Taasisi ya Mifupa Muhimbili wamalize dozi ya dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo huweza kufika siku 35, na kila basi linaposimama washuke watembee kidogo.

Kwa ambaye amesharuhusiwa bila maelezo haya, nafasi bado ipo. Nyuzi za mshono hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Siku hiyo amwombe daktari aandike kilichokutwa, maana ripoti ya upasuaji bado iko karibu na aliyeifanya kazi bado anaikumbuka.

Wataalamu wa mazoezi tiba,
Mbeya