Babu, vidole vyako havijaisha

Mhariri,

Kila msimu wa kuchuma tumbaku, iwe Sikonge, Urambo au Kaliua, mkoani kwetu Tabora, kwenye meza za kusajili laini za simu kwa alama za vidole utaisikia kauli hii: "Babu, vidole vyako vimeisha." Mzee anaondoka akiamini vimeisha kweli. Laini inasajiliwa kwa jina la mjukuu, na tangu hapo fedha zake, ziwe za mauzo au za ruzuku, zinapita kwanza mkononi mwa mtu mwingine. Naomba nafasi nizungumze na mawakala wenzangu, pamoja na vijana wanaowasindikiza wazee, maana mara nyingi vidole hivyo vinasomeka vikiandaliwa.

Jani bichi la tumbaku lina ulimbo. Ukichuma kutwa, ulimbo unaganda vidoleni mpaka vinakuwa vyeusi, na unajaa kwenye mistari ileile ambayo mashine inaitafuta. Juu ya hapo kuna mpini wa jembe uliosugua ngozi miaka arobaini, na umri nao unaikausha. Kioo cha mashine husoma kwa mwanga: ngozi inapogusa, mstari unaonekana, isipogusa, panabaki tupu. Kidole kikavu hugusa kwa vipande vipande, picha inatoka nukta nukta, mfumo unakataa.

Basi kabla ya kumrudisha mzee nyumbani, mpe mafuta ya kula kidogo asugue vidole, kisha anawe kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Afute vikauke. Ngozi ikiwa bado kavu kama gamba, apake mafuta kiasi cha punje ya mtama, asubiri dakika moja, afute tena. Yakibaki mengi mistari itaungana na utapata doa. Futa na kioo chenyewe, kwa sababu kina jasho la wateja wote wa asubuhi. Hamisha meza kivulini, jua likipiga kioo picha inafifia. Halafu, jamani, tuache kumshika mzee kidole na kukikandamiza kama tunagonga muhuri. Ngozi ya uzeeni imelegea, ukiikandamiza mistari inalala. Aweke mwenyewe tumbo la kidole, si ncha, na atulie.

Gumba na cha shahada ndivyo vinavyochuma, kwa hiyo ndivyo vilivyochakaa zaidi. Jaribu kidole cha pete, hasa cha mkono wa kushoto kwa anayetumia kulia. Ila hakikisha kidole ulichokichagua kwenye programu ndicho anachoweka kiooni. Kosa hili dogo limewarudisha wengi bure, na aliyelaumiwa ni mzee.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inayotakiwa kusajili laini, ina tarakimu 20, na zinaonekana nyingi. Lakini nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kama ilivyoandikwa siku ya kujiandikisha. Zinazobaki ni 12. Aliyekadiriwa tarehe aishike hiyo iliyoandikwa, hata kama mama yake alimwambia alizaliwa wakati wa masika.

Kwenye kutoa fedha kwa simu, tatizo huwa ni muda. Menyu ya simu hujifunga mtu akichelewa kujibu, na bibi anayetafuta miwani huku akitafuta tarakimu atafungiwa mara tatu nne, aone simu imemkataa. Mwandikie namba ya wakala na kiasi kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kabla hajaanza kubonyeza. Kama namba za kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, zimefutika, kwenye kitufe cha 5 kuna kikipele. Akikipapasa, vingine atavipata. Tone la rangi ya kucha juu yake husaidia zaidi.

Fedha "zisipoingia", tazama kwanza kama alama ya bahasha inamulika. Kwenye vitochi vingi vya zamani hiyo ni dalili kwamba kikasha cha ujumbe kimejaa matangazo, na ujumbe wa muamala umekosa pa kukaa. Futa kumi, ishirini, subiri kidogo.

Namba ya siri aibonyeze mwenyewe. Wakala anayesema "nitajie nikusaidie, foleni ndefu" si msaidizi, hata akiwa na nia njema. Na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usijibiwe. Ni wa matapeli. Mzee au kijana wake autume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Muda uliopita ulitosha kuweka mambo mawili matatu sawa. Hospitali zina dirisha la wazee. Kampuni za simu nazo ziweke meza moja ya wazee hapa mjini Tabora, yenye benchi, beseni la maji, sabuni na kitambaa kisafi kando ya mashine. Menyu zao zimsubiri mteja muda mrefu zaidi. Na kwa yule ambaye vidole vimekataa kweli baada ya yote haya, zitangaze redioni, kwa Kiswahili cha kueleweka, aende wapi na abebe nini. Kwa sasa anaambiwa tu "rudi kesho", na nauli ya bodaboda kutoka kijijini ni yake.

Wakala wa miamala,
Ng'ambo, Tabora.