Deo, nirudishie daftari

Majengo, Moshi
Jumapili jioni

Deo ndugu yangu,

Habari za Mwanza? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tu wazima, mvua haijatupa nafasi wiki nzima. Mama anakusalimu, anauliza kama sato wamekusahaulisha ndizi. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Baba Neema. Nisamehe.

Kilichonishikisha kalamu ni banda la video la Mzee Rama. Limebomolewa. Juzi natoka Mbuyuni nikakuta mabati yamelazwa chini, vijana wanang'oa misumari. Lile benchi la mbele, lenye ufa uliokuwa ukitubana mapaja, limeegemezwa ukutani linalowa. Nikasimama pale na mfuko wa nyanya mkononi, nikakumbuka ubishi wetu wa Undertaker na Kane, wale wanamieleka wa Marekani walioigiza kuwa kaka na mdogo wake.

Wewe siku zote ulikuwa Undertaker, kwa sababu ya koti jeusi la kaka yako. Mimi Kane, na kinyago nilichokata kwenye begi jekundu la dada. Ukasema Kane ni kivuli tu cha kaka yake, nami nikakubali kwa kuchoka kubishana. Sasa sikubali tena.

Undertaker simpunguzii kitu. Alipotokea kwenye onyesho la Survivor Series la 1990 alikuwa tayari ndiye yeye: kofia, koti, zile hatua za msibani. Mwaka mmoja baadaye akamnyang'anya Hulk Hogan mkanda wa ubingwa. Na ule mfululizo wa ushindi 21 pale WrestleMania, lile onyesho kubwa la kila mwaka, mpaka Brock Lesnar alipoukata 2014! Asubuhi ile ulinitumia ujumbe wa neno moja, "Nimefiwa," nami nikauelewa.

Lakini mtazame mwenzake. Kampuni yao ileile ya mieleka, WWF, ilimvika Glenn Jacobs, ndiye Kane mwenyewe, udaktari wa meno mwaka 1995, eti Isaac Yankem. Haikushika. Mwaka uliofuata wakampa jina na mavazi ya Diesel, kwa kuwa Kevin Nash mwenye jina lake alishahamia kampuni pinzani ya WCW, na watazamaji wakamkataa. Mara mbili kavalishwa nguo isiyomkaa! Wengi wangeishia hapo. Yeye akarudi Oktoba 1997, St. Louis, Undertaker na Shawn Michaels wakiwa ndani ya kizimba, akang'oa mlango kwa mikono yake na kumpiga kaka mtu Tombstone, ule mtindo wa kumbeba mtu kichwa chini na kumbamiza. Unakumbuka Mzee Rama alivyourudisha mkanda wa video nyuma mara tatu, na hakuna aliyelalamika?

Machi 1998, WrestleMania ya Boston, Undertaker alilazimika kumpiga Kane Tombstone tatu ndipo ahesabiwe kashindwa. Tatu, Deo. Kivuli hakipigwi Tombstone tatu.

Kinachoniuma ni Juni ya mwaka huohuo. Kane alimnyang'anya Stone Cold mkanda wa ubingwa kwenye onyesho la King of the Ring, kesho yake kwenye kipindi cha Raw ukarudi kwa mwenyewe. Siku moja! Undertaker alipata ubingwa wa dunia mara saba. Labda naumia kwa sababu mimi ni kitinda mimba, najua ilivyo kuitwa "mdogo wake fulani" mpaka ndevu zinaota.

Usiniambie kwamba matokeo yanapangwa, nalijua hilo, na ndipo hoja yangu iliposimama. Kaka hawezi kutisha kama hakuna wa kuanguka naye. Kane alianguka kwa ustadi miaka yote ile na bado watu wakaendelea kumwogopa. Hata 2003 walipomvua kinyago, nikadhani basi, kaisha, aliendelea kupigana miaka na miaka. Halafu 2010, baada ya kumpokonya Rey Mysterio mkanda wa World Heavyweight, alimshinda Undertaker mara tatu mfululizo, ya mwisho akamfukia kaburini. Hizo huwa huzitaji kabisa.

Sasa ombi langu. Lile daftari letu, lenye jalada la twiga, uliondoka nalo ulipohama. Ushindi wa Undertaker kwa kalamu ya bluu, wa Kane kwa nyekundu. Mtoto wa dada ameanza kuuliza maswali ya mieleka na nataka alishike mkononi. Banda limeshaondoka, daftari lisipotee pia.

Je, bado unalo? Panya hawajalifikia? Na kweli wewe ndiye uliyechana ule ukurasa wa Boston, au ni Rajabu kama ulivyoapa? Shemeji amejifungua salama? Desemba mnakuja, au ni yaleyale ya mwaka jana? Ukilipata, lifunge kwenye nailoni, mpe kondakta wa basi la usiku, kisha nipigie nijue basi gani. Nitakuwa stendi alfajiri.

Wako,
Kane wa Majengo