Barua kwa Mwanangu Kuhusu Taa Isiyozimika

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Umeniambia kwamba taa ya ndani ya gari lako haizimiki hata milango ikifungwa, na kwamba umeshanunua swichi mpya ya mlango. Nakuomba usiifunge kwanza.

Katika magari mengi, hasa ya zamani, moto wa betri hupitia kwenye fyuzi na kufika kwenye balbu wakati wote; kazi ya swichi ni kuupa njia ya kurudi kwenye bodi, yaani chuma cha gari kilichounganishwa na upande hasi wa betri, mlango unapofunguliwa. Kwa hiyo waya utokao kwenye balbu kwenda kwenye swichi ukichubuka na kugusa bodi, taa huwaka kana kwamba mlango u wazi, na fyuzi haiungui, kwa kuwa balbu bado inauzuia umeme usipite kwa wingi. Shoti ikitokea kabla ya balbu, fyuzi hukatika papo hapo. Yako ni nzima, basi tafuta baada ya balbu.

Hakikisha kwanza kwamba kitufe cha taa yenyewe hakipo mahali pa kuwaka daima. Kosa hilo liliwahi kunipotezea mchana mzima. Kisha chomoa soketi ya kila swichi, moja baada ya nyingine. Taa ikizimika, swichi uliyoichomoa ndiyo mbovu. Zikiisha zote na taa bado inawaka, ubaya uko kwenye waya.

Hapo chomoa fyuzi, toa balbu, weka mita ya umeme kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, na upime kati ya waya wa swichi na bodi. Ikisoma karibu na sifuri, mtu ashike mita nawe ukunje waya polepole, ukianzia ndani ya mpira ulio karibu na bawaba ikiwa swichi imo kwenye kitasa, kwa sababu hapo waya hupindwa kila mlango unapofunguliwa. Namba ikiruka ghafla, simama: chini ya vidole vyako utaona ganda lililopasuka na shaba iliyoanza kuota ukijani.

Kata sehemu hiyo, unga kipande kipya, lehemu, ufunike vizuri. Utepe mtupu mahali panapokunjwa haudumu.

Hadi utakapomaliza, lala fyuzi ikiwa imechomolewa. Balbu ya wati 5 hutumia takriban ampea 0.4 tu, lakini kwa siku nne au tano huimaliza betri ya ampea-saa 45.

Ni mimi mama yako.